Fundi viti anayesaka kigelegele kwenye santuri

Asubuhi, bati la gereji halijaanza kuchoma, Zubeda Mudathir amepiga magoti ndani ya basi lililong'olewa viti, Ubungo. Mkononi ana nyundo, mdomoni misumari. Ukimsalimia, anakujibu kwa nyusi.

Gozbert, dereva wa basi la Tunduma, anapanda akiwa ameficha kitu chini ya koti.

"Mama Najat, nikikupa hiki, kiti changu unakishona leo?"

Zubeda anatema misumari. "Kwanza nione. Juzi uliniletea kwaya."

Safari hii si kwaya. Ni santuri ya bendi ya Mtoni Jazz, iliyochapwa Ndola. Aliyekuwa nayo alikuwa anafunikia mtungi wa maji.

Zubeda, 46, mkazi wa Chang'ombe, anashona viti vya mabasi tangu 1976. Tangu biashara ilipofunguliwa na mabasi ya watu binafsi yakajaa barabarani, mwezi mzuri anapata kama shilingi elfu thelathini. Lakini madereva wa njia za mbali wana bei yao: santuri moja ya Mtoni Jazz, kiti kimoja. Watu wengine siku hizi wananunua kaseti. Zubeda hazimhusu.

Anachotafuta ni wimbo mmoja tu, uliorekodiwa jukwaani Temeke mwaka 1967, bendi ikiwa bado changa. Ilipovuma, wimbo huo ukachapwa upya Nairobi, Kampala na Ndola, na kila kiwanda kikaukata mwisho kilipopenda. Huko mwishoni kuna kigelegele kirefu cha mwanamke.

Zubeda anasema ni chake. Jirani yake Sesilia naye anasema ni chake.

"Tulikwenda wote, gauni za kitambaa kimoja," anasema Zubeda. "Mie kesho yake sauti ilikauka, hata shikamoo ya mama haikutoka. Sasa ilikauka kwa kunywa soda?"

Kwa miaka ulikuwa utani wao. Mwaka juzi, kwenye kumtoa mwali mtaani, Sesilia akasema mbele ya watu: "Zubeda na pumzi ile ya kuku, kigelegele akitoe wapi?" Wanawake wakaangua kicheko. Zubeda akajifunga kanga yake, akaondoka. Hawajasemeshana tena.

Sasa binti yake, Najat, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Sesilia ndiye aliyembeba Najat mgongoni mama yake alipokuwa kazini. Alipoalikwa, alituma jibu: hakanyagi pale mpaka Zubeda akubali.

"Nikubali uongo?" anauliza Zubeda. "Na harusi bila Sesi ni harusi gani? Nikipata santuri yenye mwisho mrefu, atanyamaza mwenyewe, aje."

Ya Nairobi inakatika kigelegele kikianza. Ya Kampala inafika katikati.

Gramafoni yake ya betri iko chini ya meza ya kushonea. Mafundi wanazima mashine ya kuchomelea, wanasogea. Santuri imepinda, sindano inapanda na kushuka kama basi kwenye makorongo. Kigelegele kinakuja, kinapanda, hakikatiki. Halafu, karibu kabisa na kipaza sauti, msichana anapaza sauti:

"Ongeza, Sesi! Wakusikie mpaka Keko!"

Fundi mmoja anacheka. "Huyo wa Keko nani?"

Gereji nzima inaijua sauti hiyo, imetoka kumfokea Gozbert muda si mrefu.

"Ni mie," anasema Zubeda.

Anakaa juu ya mto wa kiti ambacho hakijafungwa. "Kumbe koo lilikauka kwa kumshangilia."

Gozbert anamsogelea. "Mama Najat, tuirudishe kwenye mtungi. Nani atajua?"

"We! Leta hapa." Anaifunga santuri kwa kipande cha kitambaa cha viti, kile cha bei, halafu anauliza kiti chenyewe kiko wapi akishone.

Jumapili, Sesilia akirudi kanisani, Zubeda anapanga kumkuta mlangoni kwake, gramafoni kichwani.

"Sitasema kitu. Naiweka, aisikie. Atanitukana kwanza, si mnamjua? Halafu atataka irudiwe kutwa nzima mpaka betri ziishe."

Na Jumamosi?

"Mwanangu akitoka ndani, Sesi apige," anasema, akirudisha misumari mdomoni mmoja mmoja. "Mie nitasimama ubavuni kwake. Kazi yangu sasa naijua."