Mugongo kwa Magari

Nilimukuta amelala kifudifudi kwenye changarawe nyeusi, kiatu kimoja kimemutoka, na mugongoni mwa singileti yake jina la mufanyabiashara likisomeka vizuri kabisa, herufi kubwa nyekundu, bila hata tone la damu. Damu ilikuwa upande wa chini. Kamio, lori lile la kubeba makala ya kupikia, ilikuwa imesimama mbele zaidi, ubavu wake juu ya ukuta wa mawe, na dereva alikwisha kuruka na kupotea katikati ya nyumba. Nilikaa pale, mukono wangu wa kushoto ukining'inia, nikimuita. Hakuitika. Wasomaji wangu, wengi wenu mulisikia kwenye redio kwamba mutu mumoja wa kundi la futingi, mbio za mazoezi, amekufa kwenye muteremuko wa Kanyaruchinya. Redio ilisema ni ajali. Mimi nilikuwa pale, na neno hilo silikubali.

Marehemu alikuwa karani wa depo ya saruji, Mukatoliki wa upande wa Bukavu, mutu wa miwani iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Sisi wengine, wengi tukiwa tumeshuka kutoka Rutshuru na Masisi kwa sababu ya vita munayoijua, tulimucheka sana. "Ninyi watu wa Bukavu munafanya futingi kama munaenda kupokea komunyo!" Naye anajibu: "Na ninyi munafanya kama mumeiba ng'ombe." Kila Jumamosi asubuhi tulikutana mutaani Himbi, tukapanda mupaka Kanyaruchinya, tukarudi. Yeye alikuwa mukia. Ndilo jina tulilompa mutu wa mwisho, yule ambaye nyuma yake habaki mutu, na ndiye aliyeshika mwendo wa kundi lote. Akisema "Polepole!" hata vijana wa mbele wanapunguza. Siku yangu ya kwanza alikuja ubavuni mwangu, akanitazama, akauliza: "Muzee, nani anakufukuza?" Nikasema hakuna. "Basi shusha mabega. Unakimbia kama mutu aliyebeba godoro." Nilitaka kumupiga ngumi. Kwa sababu ni kweli, mara ya mwisho nilipokimbia kwenye barabara ile, nikitoka kwetu Kalengera, godoro lilikuwa kichwani, na mabega yangu yalibaki juu tangu siku hiyo bila mimi kujua. Akanifundisha kama mutoto: shingo iwe ndefu, macho yatazame mbele na si vidole vya miguu, mikono ilegee kama umeshika kifaranga usichotaka kukiua, na kwenye mupando hatua ziwe fupi. Nilichukua muda mrefu. Mwili unashika haraka mambo mabaya.

Kuna siku moja niwaeleze, maana ndiyo iliyotupa desturi yetu. Tulikuwa tunateremuka, kundi zima, miguu inapiga chini, hakuna anayesema, kila mutu na pumzi yake. Mama mumoja muuza mandazi alituona tunakuja. Hakuuliza kitu. Alimufunga mutoto mugongoni, akatia beseni kichwani, mafuta ya moto akayaacha palepale, akakimbia mbele yetu. Sisi tukapiga kelele: "Mama, simama! Ni futingi tu!" Kadiri tulivyopiga kelele ndivyo alivyoongeza mbio, na majirani zake wakaanza kufunga milango. Ni mukia aliyesema tusimame sote, tukae chini barabarani. Tulipokaa, mama naye akasimama, akarudi polepole, akatuona watu wazima tumekaa kwenye vumbi kama watoto wa shule. Alitutukana matusi ambayo muhariri hawezi kuyapitisha. "Wapumbavu ninyi! Mutu mwenye akili anakimbia bila kitu nyuma yake?" Marehemu akaokota mandazi yake yaliyoanguka, moja moja, akamuomba radhi. Tangu siku hiyo ikawa sheria: kila unayempita, umusalimie. Si kwa kuinua mukono, hapana, salamu nzima: "Jambo mama, umeamukaje, na watoto?" Watu wajue hakuna kitu kinachotufuata. Na kama salamu inakukatikia katikati kwa pumzi, ujue unapita nguvu zako, punguza. Salamu ndiyo ilikuwa saa yetu.

Nimefikiria sana jambo hili tangu tumuzike. Darasa niliacha mapema, wenye shule watanisahihisha, lakini katika mji huu neno kukimbia lina maana moja tu. Ukisema jana ulikimbia, mutu anakuuliza ulitoka wapi na nani alibaki. Yeye alitaka tulichukue neno hilo, tulioshe, tulivae upya, tukimbie na kurudi nyumbani na kukuta sahani mezani. Kitu kidogo, eh? Kwa mutu aliyelala kwenye hema la plastiki la wakimbizi huko Kanyaruchinya, kupita palepale na mabega chini, akisalimia, si kidogo.

Halafu akaja prezidenti mupya wa komite, mutu wa suti, akatuletea mufadhili, mufanyabiashara wa vinywaji. Tulipewa singileti, jina la kundi kifuani, jina lake mugongoni. Siku zote tulikuwa tunashika upande wa kushoto wa barabara, uso kwa magari, ili tuone kinachokuja. Prezidenti akaamuru tuhamie kulia. "Madereva wanaotoka nyuma wasome nini, visigino vyenu?" Marehemu akamwambia mbele yetu wote: "Papa prezidenti, kwenye muteremuko ule makamio yanashuka bila breki. Nikiyapa mugongo, nani ananilinda?" "Mungu." "Mungu alinipa macho mbele." Watu wakacheka. Prezidenti hakucheka. Akaongeza kwamba salamu ziishe, zinatuchelewesha, na asiyekubali arudishe singileti. Marehemu hakurudisha. Alisema mukia hauwezi kuliacha kundi lake.

Siku ile prezidenti alikuwa mbele yetu, amekaa nyuma ya pikap, akitutazama na kupiga picha. Katika watu wote, ni yeye peke yake aliyekuwa amegeukia upande kamio ilipotoka. Nilimusikia akipiga kelele, nami nilimusikia vizuri: "Ongezeni! Ongezeni mwendo!" Wa mbele wakaongeza. Sisi wa nyuma tulibaki, mimi upande wa majani, mukia wetu upande wa magari kama alivyokaa siku zote. Nilisikia honi, kamio ikatuzoa, na baada ya hapo nikajikuta juu ya mawe. Bega langu la kushoto lilivunjika, sasa linakaa chini lenyewe, halipandi tena.

Kwenye mazishi prezidenti alishika mikro, akasema ndugu yetu alitoka kwenye mustari, tujifunze nidhamu. Mama mujane alikuwa ameketi karibu nami. Akaniinamia, akauliza: "Papa, ni kweli alitoka? Watoto wananiuliza kama baba yao alifanya ujinga." Nikamwambia hapana, mama, hakutoka hata hatua moja. Lakini neno langu lilibaki sikioni mwake tu, na lile la mikro lilienda mji mzima.

Basi naliandika hapa. Mwenye kamio aliyeituma barabarani bila breki anahusika. Dereva aliyetoroka anahusika. Mufanyabiashara aliyetaka mugongo wa watu uwe ukuta wake wa matangazo anahusika. Na wewe, prezidenti wa komite, unawatangulia wote. Ulitugeuza wewe. Njoo Jumapili kwenye uwanja wa parokia, misa ikitoka, usimame mbele ya mama yule na watoto wake, useme kwa mudomo wako ni nani alituhamisha upande wa kulia, na ulipoiona kamio, kwa nini ulituambia tuongeze. Usilete maua. Rambirambi amekwisha kuzipokea. Anataka jibu.