Siku Kumi na Moja Juu ya Bati

Rukaiya Mbwana wa Mtoni alifanya kazi ya maabara miaka tisa, na sita kati ya hiyo aliitumia kwa unga mmoja tu. Ulikuwa unga wa zambarau, laini kama poda ya mtoto. Ndani yake chembe za zinki zilishikanishwa na kemikali ya rangi, zikajipanga kama nguzo na boriti za ghorofa, na kuacha vyumba vitupu visivyoonekana kwa macho. Jua likipiga, rangi ile hunasa mwanga na kuupitisha chumba kwa chumba mpaka unazaa umeme. Ukiupaka kwenye kioo, umepata seli ya sola.

Mkuu wa mradi alikuwa Dakta Adelard, mwalimu wa kemia, mtu mpole. Ndiye aliyemtoa Rukaiya kwenye kuosha chupa akamfundisha kuupika unga ule katika oveni, siku mbili bila kuugusa.

"Hakuna anayeupika ukatoka kama wako," alikuwa akimwambia, na Rukaiya aliishi kwa maneno hayo.

Maabarani seli zilifanya kazi vizuri, kwa kuwa zilitunzwa kwenye kasha la kioo lisiloingiza unyevu. Lakini Rukaiya alikuwa na dukuduku: nani Mtoni anaishi ndani ya kasha? Masika yalipoanza alichukua seli nne, akaziziba kingo kwa gundi, akazifunga juu ya bati la nyumba ya dada yake, Shamimu, aliyekuwa akiishi naye. Kila adhuhuri alipanda ngazi na mita yake ya kupimia umeme, akaandika vipimo daftarini. Siku ya nne umeme ulipungua. Siku ya saba zambarau ilianza kufifia pembeni. Ya kumi na moja, mita haikusoma kitu. Unyevu ulikuwa umepenya, ukavunja viungo vya zinki, ghorofa zote zikaporomoka. Akarudia mara mbili kwa gundi nyingine. Mambo yakawa yale yale.

Shamimu alimkuta ameketi chini ya ngazi, macho mekundu.

"We Rukaiya, unalilia vioo?"

"Nalilia miaka yangu, dada."

Dakta Adelard alilisoma daftari la Rukaiya lote, kisha akalifunga.

"Wafadhili wanakuja Jumatatu," alisema. "Tutawaonyesha za kwenye kasha. Wakikuuliza, sema zimekaa nje miezi mitatu."

"Daktari, hazikukaa."

"Najua. Naomba muda tu, Rukaiya. Mwaka mmoja, tutafute namna."

Jumatatu mgeni mmoja, mama wa makamo, aliishika seli, akaigeuzageuza, akamtazama Rukaiya. "Hii imekaa nje kweli?"

Dakta Adelard aliinamisha kichwa. Rukaiya alikuwa na jibu la kuambiwa, tayari mdomoni, likakataa kutoka.

"Hapana. Za nje zilikufa siku ya kumi na moja."

Masika hayajaisha, mradi ulifungwa. Dakta Adelard alivuliwa uongozi. Wanafunzi wawili wa utafiti, Benson na Demetria, waliambiwa warudi makwao bila shahada. Demetria alikutana na Rukaiya kwenye ngazi na kumwambia maneno mawili tu: "Umetuua, dada." Mkataba wa Rukaiya nao haukuongezwa. Siku ya mwisho alipewa kazi ya kumwaga unga wote kwenye pipa la taka za kemikali. Akaumwaga chupa baada ya chupa, kisha akaandika lebo ya pipa kwa mkono wake.

Siku hizi anafundisha kemia katika shule moja ya Keko isiyo na maabara. Huchora chembe ubaoni kwa chaki, na misumeno ya maseremala wa barabarani ikinguruma anasubiri inyamaze ndipo aendelee.

Mwaka jana alikutana na Dakta Adelard sokoni Mabibo, amekonda, kapu mkononi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba." Alihamishia kapu mkono wa pili. "Sikulaumu, Rukaiya. Ulisema kweli. Ila Benson hajarudi kusoma. Huwa namfikiria."

"Na mie humfikiria."

Dakta Adelard akaaga, akapotea katikati ya wachuuzi. Rukaiya alinunua nyanya alizozifuata, akarudi Mtoni, na Shamimu alipouliza mbona amechelewa, alisema foleni.