Nyuzi Ambazo Hazikutakata

Dada yangu anayefanya kazi maabara tunamwita Buibui, kwa kuwa kutwa anatengeneza nyuzi. Anatia uji wa plastiki kwenye bomba la sindano, anaupitishia umeme mkali, na kwenye ncha unachomoka uzi mwembamba kuliko unywele, unajizungusha kwenye silinda mpaka unakuwa kitambaa cheupe.

Ndani ya uji ule anachanganya dawa ya mmea, ile safi ya kununua. Kitambaa kikishakauka, anakiosha kwa spiriti dawa itoke yote, na pale ilipokuwa panabaki kitundu chenye umbo lake. Ukikichovya kwenye majani yaliyochemshwa, dawa ileile inaingia mle inanasa, mengine yanapita. Baba mpaka leo anasema ni chujio la chai tu.

Sasa Buibui ana haraka huyo! Alichemsha majani ya kichaka cha shangazi aliyetulea, akachovya kitambaa, mashine ya kupimia ikaonyesha dawa tele. Hakurudia kupima. Simu palepale: "Shangazi, kichaka chako cha nyuma ya nyumba ni hazina! Wenye viwanda watakuja kuyagombea majani yake." Na shangazi anavyomwamini mtoto huyu! Aling'oa mboga zote, bustani inayomlisha, akapanda kichaka kile kila pembe.

Ndipo bosi wa maabara akamwuliza Buibui, "Umejaribu kwenye maji matupu?"

Hakuwa amejaribu. Alipochovya, mashine ikaonyesha dawa tele vilevile. Loo! Maji hayana jani hata moja. Ilikuwa dawa yake mwenyewe, aliyoitia kwa mkono wake na hakuiosha ikaisha. Akatengeneza kitambaa kingine, akakiosha mpaka kikatakata kweli, akapima tena majani ya shangazi. Hamna kitu.

Aliniomba nimsindikize kwenda kusema. Njia nzima alikuwa ameinamisha kichwa. Tulimkuta shangazi bustanini kwa jirani, miche ya kichaka kile mkononi, na jirani ameinama anang'oa mboga zake.

"Huyu hapa mwenyewe!" shangazi akapaza sauti. "Mwambie jirani asikie kwako."

"Mama, acha kung'oa," Buibui akamwambia jirani. "Nilikosea. Dawa niliyoiona niliitia mimi. Majani hayana kitu."

Shangazi akacheka. "Usimsikilize. Huyu tangu mdogo hapendi kujisifu."

Jirani naye akacheka, akashika shina jingine. Mimi nilitamani ardhi inimeze, sembuse yeye. Buibui akamdaka mkono yule mama, machozi yanamtoka, akamgeukia shangazi. "Shangazi, wallahi si unyenyekevu. Nimekuharibia bustani."

Kicheko kikakatika. Shangazi akaiweka miche chini taratibu.

"Zirudishie mboga udongo, mama," akamwambia jirani. "Zako bado zina mizizi."

Dada yangu akapiga magoti kusaidia kufukia, na hakuthubutu kuinua uso.