Pasi ya Mama Kinoti na Ngazi ya Maktaba

Enzi zetu kule Muthara tulikuwa washamba kupindukia. Mtu akikosa kitu hakujaza fomu, alimwomba jirani. Hebu fikiria aibu hiyo! Siku hizi hapa mjini Meru tumestaarabika, na maktaba ya umma inaazimisha vitabu, majembe, sufuria za harusi, cherehani, hata ngazi. Nami wiki jana nilihitaji ngazi kwelikweli, maana paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka kijijini akiwa na kikohozi.

Nilipokuwa mdogo, upande wetu mzima ulitegemea pasi moja ya makaa, ya jirani yetu Mama Kinoti. Kila Jumamosi jioni nilitumwa kuiomba ili nguo za kanisani zinyooke. Kuomba kulikuwa na utaratibu wake, tena bila kitambulisho. Ulisalimia, ukaulizwa habari za ng'ombe, ukapewa uji, ukaumaliza, ndipo ukasema, "Mama amesema umsaidie na pasi." Ukiharakisha, habari za utovu wako wa adabu zilifika nyumbani kabla yako. Binti yangu leo, nikimtuma nyumba ya pili, huniambia nimtumie location.

Kurudisha nako kulikuwa na sheria: chombo cha watu hakirudi kitupu. Sufuria ilirudi na viazi, kikapu kikarudi na ndizi, na pasi, kwa kuwa ina tumbo, ilirudi na chochote kilichoenea.

Basi mwaka mmoja mbuzi wa Mama Kinoti walikula maharagwe yetu, na wazee wetu wakanuniana. Hata kanisani walikaa pande tofauti. Lakini pasi iliendelea kusafiri kila Jumamosi, maana kununa hakunyooshi nguo. Siku moja mama akaweka mayai mawili ndani ya pasi, akaniambia, "Mwambie afungue aangalie kwanza." Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutaka wapatane. Mimi nilimwogopa Mama Kinoti kama simba. Nikaiacha pasi mlangoni pake nikatoroka bila kusema neno.

Mama Kinoti, katika ule moshi wa jikoni, akafungua na kumimina makaa ndani yake bila kutazama. Mayai yakapasuka, gauni lake jeupe la kanisani, alilokuwa ameliandaa kulipiga pasi, likachafuka lote. Tulipomwona anakuja mbio, mama alijua kesi imefika. Kumbe alikuwa anacheka hadi ameshindwa kuongea. Wakashikana mikono, wakacheka wote wawili, na maharagwe yakasahaulika. Aliyechapwa ni mimi peke yangu.

Maktaba haina mambo ya kishamba kama hayo. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, alichukua nambari yangu ya simu na kutazama kompyuta. "Madam, ngazi iko na mtu mpaka Ijumaa. Tutakutumia meseji." Hakuniuliza habari za ng'ombe wala za mama. Nikarudi nyumbani, nikaweka beseni chini ya tundu, nikajipongeza kwa kufuata mfumo.

Jumatano mvua ikazidi. Mama alikuwa amesogeza kitanda mara ya tatu aliposimama dirishani akikohoa. Ngazi ya maktaba, yenye nambari yake nyekundu, ilikuwa imeegemea ukuta wa jirani, hatua kumi kutoka mlango wangu. Haikuwa na kazi yoyote.

"Si ngazi ndio hiyo?" mama akauliza.

"Ndiyo, lakini bado sijatumiwa meseji."

Akanigeukia. "Kawira, kwani mdomo yako imeshonwa? Si uite huyo mama!"

Nikatoka na mvua hadi kwenye ua. Miaka minne tumeishi ukuta kwa ukuta na jirani huyu, tukipungiana mikono kila mtu akiwa ndani ya gari lake. Nilimwona kwenye dirisha la jikoni kwake, anaosha vyombo. Niliona haya, mimi mtoto wa mwanamke anayejua majina ya watu wa kijiji kizima, pamoja na ya mbwa wao. Zamani tulikosa karibu kila kitu, lakini kuita jirani hakukuwa kazi. Nikafungua mdomo nimwite, ndipo nikagundua sijui anaitwa nani.