Shahidi wa Mtihani wa Ubaoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha kitu. Préfet des études, yaani mkubwa wa masomo katika shule yetu ya Cibitoke, alinionyesha pupitre, dawati la mwisho, akaniambia: "Mademoiselle Zuhura, leo kaa hapa nyuma, uangalie namna Nestor anafundisha. Usiseme kitu." Nikakaa na diploma yangu mpya mkobani, nikijiona mimi ndiye niliyeleta hesabu Bujumbura.

Mzee Nestor alikuwa mkubwa wetu wa hesabu. Mwanafunzi akikosea ubaoni, hakumwambia amekosea. Aligonga mbao ya pembeni ya ubao kwa kifundo cha kidole, mara tatu, na maana yake ilikuwa: rudi mstari mmoja nyuma, tazama tena. Kosa hakulitaja, jibu hakulitaja. Mchana ule nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo. Akacheka. "Nikimupa jibu, kesho atanitafuta mi. Nikimugongea, atatafuta kosa lake mwenyewe."

Ninyi vijana mnaoshika chaki leo mna kompyuta za kujumlisha. Sisi tulijumlisha kwa kichwa, na kila pointi ilikuwa na ugomvi wake. Kulikuwa na TJ, travaux journaliers, yaani kazi za kila siku, halafu mtihani wa mwisho wa muhula. Katika mtihani tulisahihisha njia kuliko jibu. Mtoto aliyepita njia sawa akateleza kwenye jumlisho la mwisho alipata zaidi ya nusu. Aliyeandika jibu sahihi bila njia alipata ziro, maana huenda alilichungulia kwa jirani. Wazazi walikuja kulia, wengine walikuja na kuku, lakini hesabu haina mjomba.

Mwisho wa mwaka tulikaa délibération, baraza la walimu wote linaloamua nani anapanda darasa na nani anabaki. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kurudia darasa na akakaribia kuanguka tena, shule yetu ilikuwa na desturi yake. Alipewa swali moja ubaoni, peke yake, mbele ya mwalimu mmoja ambaye ni shahidi. Shahidi alikaa nyuma, mikono juu ya meza, hana chaki, haruhusiwi hata kukohoa. Baadaye baraza lilimuuliza: mtoto alisaidiwa? Akisema ndiyo, mtoto anafunga mkoba wake anakwenda nyumbani moja kwa moja.

Nestor alifariki kwa ugonjwa wakati wa likizo kubwa, kabla hajastaafu. Darasa lake nikapewa mimi, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na baridi. Wanafunzi wakiandika ubaoni walisimama ghafla, wakafuta mstari, kabla sijafungua mdomo. Nikasema ni mazoea aliyowaachia marehemu. Lakini wale aliowafundisha waliondoka wote, na waliokuja baada yao, ambao hawakumjua hata kwa sura, nao walisimama vilevile, shingo zimegeukia pembeni ya ubao. Sikuuliza mtu. Nikimaliza kipindi nilitoka pamoja na wanafunzi, tena sikukubali kuwa wa mwisho.

Mwaka mmoja ikaja zamu yangu ya ushahidi. Msichana aliitwa Inès, alihamia kwetu mwaka ule kutoka shule moja ya Gasenyi, na hakuwa mwanafunzi wangu. Baba yake, fundi magari, alikuwa amesema wazi: akianguka tena, shule basi, atauza mawese na mama yake soko la Mutakura. Mtoto alikuwa na akili, ila mbio zake ndizo zilizomponza. Mtihani wake ukapangwa katika darasa la Nestor.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, uani kimya. Inès akaanza vizuri. Kisha akahamisha −3x upande wa pili wa équation, yaani mlinganyo, akaiacha na alama yake ileile. Nilifumba macho kwa uchungu. Nilipofumbua, alikuwa amesimama, kichwa amekigeuzia pembeni. Akarudi mstari mmoja nyuma, akafuta kwa kiganja, akaandika +3x, akaendelea mpaka mwisho. Jibu sahihi, njia sahihi.

Akaja kwangu anatabasamu, machozi yanamlenga. "Asante, Madame, kwa kunigongea."

"Nilikugongea wapi?"

"Pale kwa mbao ya tableau. Mara tatu."

Nikamwambia mimi sikusimama. Akatazama mikono yangu, bado imelala juu ya meza, kisha akatazama umbali uliokuwapo mpaka ubaoni. Tulitoka pamoja, tumeshikana mikono kama mtu na dada yake.

Kwenye délibération directeur, mkuu wa shule, aliyekuwa mgeni kwetu, akaniuliza: "Madame, alisaidiwa?" Nikisema hapana na kunyamaza, nimeficha. Nikisema ndiyo, nimempeleka Inès sokoni. Nikasema nilichokijua: "Mi sikumusaidia, na sikusikia kitu. Yeye anasema alisikia kugongwa kwa mbao, mara tatu."

Directeur akacheka. Hakuna aliyemfuata. Walimu wa zamani waliinamisha vichwa, na Madame wa kemia akajivuta shali mabegani ingawa chumba kilikuwa moto. Préfet aliyenipokea siku ya kwanza, nywele sasa nyeupe, ndiye aliyesema.

"Bwana directeur, mi nilifanya kazi na Nestor. Mutoto wake mwenyewe alimuacha arudie darasa, hakumupa jibu. Kugonga si kujibu. Kama ni yeye, points ni za huyu mutoto. Kama si yeye, points ni za mutoto vilevile."

Directeur alitutazama mmoja mmoja, akingoja tucheke. Kisha akainama, akasaini. "Anapanda," akasema, kwa sauti ndogo, akaomba mlango ufunguliwe.

Inès alimaliza masomo, na ninafurahi mpaka leo kila nikilikumbuka neno lile. Mimi nami nilifika mwisho wa kazi. Siku ya kuniaga walinipa kitenge na Fanta, directeur mwingine akanishika mkono: "Sasa upumzike, Madame." Watu wakapiga makofi. Nyumbani, baada ya swala, ninamuombea Nestor apumzike, ingawa hakuwa wa dini yangu. Nikimaliza kumuombea yeye, ninajiombea mwenyewe hilohilo, na hapo ninaogopa, kwa sababu kazi hii niliipenda kama yeye alivyoipenda.