Neno Dawa na Jina la Mjomba Sudi

Juzi mwanangu aliteguka kifundo cha mguu, nikamchua kwa mafuta ya karafuu yaliyotiwa kafuri. Harufu ile iliponipanda puani, badala ya kumwonea huruma mtoto, nikashikwa na hasira. Mtanisamehe. Hasira yenyewe ina zaidi ya miaka thelathini na bado sijapata wa kumtupia.

Tulikaa Mwananyamala, nyumbani kwa bibi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitu na kila kijana akawa na raba za mtumba. Mjomba Sudi, mdogo wake mama, alikuwa winga wa timu ya mtaa. Jamani, mtu yule alikuwa anakimbia! Akipewa mpira pembeni, mabeki walibaki wamejishika viuno. Siku ya mechi bibi alimketisha kwenye mkeka, akamchua mapaja kwa mafuta hayohayo huku akisoma Fatiha kimoyomoyo, na nyumba ikanuka karafuu hadi wali nao ukanuka. Nyumbani hatukusema mafuta wala dawa ya kuchua. Tulisema dawa, basi.

Nilipokuwa na miaka saba, jirani yetu muuza maandazi aliniuliza kwa utani, "Eti we mtoto, huyo mjomba wako anakulaga nini mpaka anakimbia vile?"

Nikamjibu kwa maringo, "Anapakwaga dawa na bibi."

Akacheka, akaniongezea andazi moja. Nikaenda zangu nikila.

Mwaka uliofuata, mfanyabiashara mmoja aliyefungua duka la rangi alijitolea makopo mawili ili majina ya wachezaji watano bora yaandikwe kwenye ukuta wa klabu. Mjomba alikuwa ameshaumia goti, hachezi tena. Jina ukutani ndilo pekee ambalo mpira ungemwachia, na alilitaka waziwazi kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi. Kila jioni alipita klabuni akijifanya ana shughuli.

Kamati ya klabu ikakaa. Ikakaa tena. Wiki nne nzima, watu wazima wenye wake na watoto walikunywa kahawa wakijadili kama Sudi alitumia dawa, na hata dawa gani hawakukubaliana! Wengine walisema hirizi. Wengine, waliokuwa wamesikia redioni habari za wakimbiaji wa ng'ambo kunyang'anywa medali, walisema vidonge. Mmoja alisema vyote viwili, ili asikosee. Ukiuliza ushahidi, mwenyekiti wao, Mzee Pazi, alijibu, "Shahidi yupo, tena wa nyumbani kwao. Na lisemwalo lipo, kama halipo laja." Shahidi huyo nilikuwa mimi, ingawa wakati ule sikujua. Maneno yangu yalikuwa yameshazunguka mtaa mzima.

Kinachonikera mpaka leo ni golikipa. Golikipa wetu alizika yai viza nyuma ya goli mchana kweupe, sote tukimwona, na yai lenyewe lilinunuliwa kwa mchango wa kamati hiyohiyo. Jina lake liliandikwa la kwanza, kwa rangi nyekundu. Nyani haoni kundule, lakini hawa walikuwa wanayaonyeshana na kupigiana makofi.

Mwishowe wakamwita mjomba. Alirudi, akavua viatu mlangoni, akakaa.

"Wamesemaje?" bibi akauliza.

"Wamesema basi, mama."

Kesho yake majina manne yalikuwa ukutani. Nafasi ya tano waliiacha wazi, maana winga mwingine wa kumweka hawakuwa naye. Nilimfuata mjomba nikimlilia, "Kwa nini hukuwaambia ni mafuta ya karafuu?" Akanipangusa kamasi kwa kiganja na kusema nitaelewa nikikua. Hakuna jibu lililoniudhi kama lile. Nilimwona mwoga, mtu wa kukubali kila anachoambiwa, na niliendelea kumwona hivyo hata nilipoanza kazi na kuwa na nyumba yangu.

Mjomba alifariki akiwa hajafika hata sitini. Siku ya arobaini yake, tukiosha masufuria, nilimwambia mama kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri ila hakujua kujitetea. Mama akaliweka sufuria chini.

"Nani kakwambia hakujitetea? Aliwapelekea hata chupa. Wakainusa wote, Mzee Pazi akasema dawa ni dawa. Kisha akamwambia, jina tutaliandika, ila mlete yule mtoto aje aseme mbele ya watu kwamba alisema uongo."

"Mtoto gani?"

Mama akaninyooshea kidole chenye povu la sabuni. Ndipo nikalikumbuka lile andazi.

"Sudi akawajibu, mtoto hakusema uongo. Aliulizwa, akajibu alichokiona. Mie siwezi kumleta hapa akaitwe mwongo na wanaume wazima. Akatukataza na sisi tusikwambie."

Ningekwenda, wallahi. Ningesimama pale na miaka yangu minane nikasema lolote walilotaka, na jina lingeandikwa, na ningebaki mtoto mwongo wa mtaa ule mpaka naolewa. Yeye aliliona hilo kabla yangu. Miaka yote iliyofuata nilimpa shikamoo huku nikitazama pembeni, naye aliitikia marahaba na hakuwahi kuniuliza kwa nini.