Nyeupe ya Jeneza Dogo

Jirani anapaka geti rangi, na harufu ya thina imenirudisha kwenye ua wetu wa utotoni, mtaani Mowlem. Baba alichora mabango ya vinyozi kwa bomba dogo la kupulizia rangi. Siku hiyo bomba lilikuwa na nyekundu ya bango, na alihitaji nyeupe kwa jeneza la mdogo wangu. Akamimina thina ndani kuliosha, akapuliza, akachomoa sindano ya bomba, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaanza upya.

“Baba yao, imetosha,” mama alimwambia. “Watu wanangoja.”

“Bado inatoka na wekundu.”

Mimi niliiona thina ikitoka safi kama maji. Mama naye aliiona. Alikaa chini kando yake, akamtoa kitambaa mkononi taratibu, akaanza kumfuta vidole.